Ganzi ya Meno: Mhadhara juu ya Mmomonyoko wa Enameli

Kabla sijaanza maneno, naomba mtazame bilauri hizi mbili hapa mezani. Katika kila moja nilitia yai la kuku wa kienyeji tangu jana asubuhi. Bilauri ya kulia ina maji ya bomba. Ya kushoto ina siki, hii hii tunayotilia kachumbari. Yai la kwenye maji nikiligonga mezani mnasikia: ko, ko. Sasa nalitoa la kwenye siki. Halina gamba. Limebaki na utando mwembamba tu, ukilibonyeza linabonyea kama puto, na nikilimulika kwa taa ya simu mnakiona kiini kikielea ndani. Hakuna aliyelimenya. Gamba limeyeyukia kwenye siki, na vile vipovu mlivyoviona mkiingia ni hewa ya ukaa iliyokuwa ikitoka wakati gamba likiliwa.

Jino si yai. Nalisema hilo mapema ili mtu asitoke hapa akasimulia kwamba daktari kasema meno yanayeyuka kwa usiku mmoja. Gamba la yai ni la madini mengine, mepesi kushindwa. Jino limejengwa kwa madini magumu zaidi, nalo kinywani halikai ndani ya siki mchana na usiku. Lakini kazi iliyofanyika ndani ya bilauri hii ndiyo inayofanyika kinywani, polepole, miaka kumi, miaka ishirini, mpaka mtu anakuja kwangu akiwa na meno mafupi kuliko aliyooa nayo.

Sisi Waswahili jambo hili tunalijua siku nyingi, na lugha yetu imelitunzia neno. Ukila embe changa kwa chumvi na pilipili, la kwanza tamu, la pili tamu, ukifika la tatu huwezi tena kutafuna. Meno yanagoma. Ukiyagusanisha ya juu na ya chini yanakwaruzana kama chaki mpya ubaoni. Tunasema meno yamekufa ganzi, au yametiwa ganzi. Neno hilohilo tunalitumia kwa mguu uliokaliwa na kwa sindano ya kung'olea jino, lakini angalieni tofauti: mguu wenye ganzi hausikii kitu, na meno yenye ganzi yanasikia kupita kiasi. Yanasikia hewa. Yanasikia maji ya mtungini. Ule ukwaruzo ni uso wa jino uliopoteza utelezi wake, kwa sababu utando wa mate unaoulinda umechujuka na madini ya juu kabisa yameanza kulegea. Ganzi ni taarifa, na jino halina njia nyingi za kutoa taarifa.

Wengi huniambia, "Dokta, ganzi si huisha yenyewe kesho yake?" Huisha, ni kweli. Na nilichokuja kusema leo kimo humo ndani ya huko kuisha. Enameli iliyolegea inaweza kukazwa tena. Enameli iliyoondoka hairudi. Kati ya kulegea na kuondoka pana muda, na matibabu yote ninayoyajua, ya kwenu nyumbani na ya kwangu kitini, yamo ndani ya muda huo.

Enameli ni ile sehemu ya nje inayong'aa, iliyolivika jino kuanzia ufizini hadi kileleni. Mwilini mwako hakuna kitu kigumu kuliko hiyo, hata mfupa. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini matupu, kalisi na fosfeti zilizoshikana katika fuwele ndogo sana, na fuwele hizo zimefungwa pamoja kuwa vijiti vyembamba mara kumi na zaidi kuliko unywele, mamilioni, vimesimama bega kwa bega kama miti ya boriti. Kwenye vilele vya magego unene wake hufika milimita 2 na nusu hivi. Shingoni mwa jino, pale linapokutana na ufizi, inaishia wembamba wa ukingo wa wembe. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na rangi yake ni ya manjano. Rangi hiyo mtaikumbuka, maana nitairudia.

Sasa nani anaijenga? Inajengwa na chembe hai maalumu wakati jino bado limefichwa ndani ya taya. Gego la kwanza la ukubwani huanza kuvikwa enameli karibu na siku mtoto anapozaliwa, na linachomoza akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, kimyakimya, bila jino lolote kung'oka. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Siku jino linapochomoza, wale wajenzi wote wamekwisha kufa. Ngozi ikikatwa huziba, mfupa ukivunjika huunga, kwa sababu mafundi wake wapo hai. Enameli haina fundi hata mmoja aliyebaki. Ile aliyopewa mtoto wa miaka 6 ndiyo hiyo hiyo atakayotafunia akiwa bibi.

Mwaka 1909 mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitunga kipimo cha uchachu tunachokiita pH. Maji safi ni 7. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi, na kila hatua moja ni mara 10. Enameli huanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Juisi ya chungwa hucheza kati ya 3.5 na 4. Soda nyeusi za kola zipo kwenye 2.5, na ndimu inashuka hata chini ya hapo. Kutoka 5.5 hadi 2.5 mtu ataona ni hatua 3 tu, kumbe ni ukali mara 1,000.

Lakini msichukue namba peke yake. Mtindi ni mchachu, unashuka mpaka 4 na kitu, na bado haumomonyoi meno. Kwa nini? Kwa sababu maziwa yamejaa kalisi na fosfeti, vitu vilevile ambavyo asidi inataka kuving'oa kwenye jino. Mtindi umeshiba, hauna njaa ya meno yako. Soda ina njaa. Juisi ya ukwaju ina njaa, na sukari unayoitia haipunguzi njaa hiyo hata kidogo. Inaudanganya ulimi tu. Hapo pia ndipo wanapokosea wanaokunywa soda isiyo na sukari wakidhani meno yamepona. Kwa mwenye kisukari ina maana yake, na kwa kuoza meno ni nafuu. Kwa mmomonyoko ni soda tu.

Nimetaja kuoza, basi nitenganishe. Wapo wanaoamini bado kwamba jino huliwa na mdudu, na wapo waganga wanaomtoa mdudu huyo na kumwonyesha mgonjwa kiganjani. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Berlin, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hula mabaki ya wanga na sukari kinywani, kisha hutoa asidi inayotoboa jino. Huko ndiko kuoza: kunaanzia pale uchafu ulipojificha, kunachimba shimo. Mwaka 1907, mwaka aliofariki, Miller huyohuyo aliandika juu ya meno yanayolika yakiwa safi kabisa, bila vijidudu kuhusika. Mmomonyoko ndio huo. Asidi yake haitengenezwi na vijidudu, inaingia ikiwa tayari, ama kwa kunywewa na kuliwa, ama kwa kupanda kutoka tumboni. Kwa hiyo humpata hata mtu msafi, tena mara nyingine msafi zaidi ya wenzake, na mtaona sababu.

Wanaotoka upande wa Muheza wanajua msimu wa machungwa ulivyo. Alikuja mama mmoja anayeuza machungwa kando ya barabara, ana miaka thelathini na kitu. Alinisalimu, akakaa, akasema: "Dokta, maji baridi yananipiga hapa mbele hadi kwenye ubongo, na meno yangu nayapiga mswaki mara tatu, lakini yanazidi kuwa ya njano." Nikamulika. Meno hayakuwa na tundu hata moja. Yalikuwa yaking'aa, lakini kwa mng'ao wa kipande cha sabuni kilichotumika, laini mno, ile mistari midogo ya asili ya enameli imefutika. Ncha za meno ya mbele zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mwanga ulipenya, zikaonekana za kijivu. Kwenye vilele vya magego palikuwa na vidimbwi, kama vile tone la mvua linapoanguka kwenye vumbi. Na gego moja lilikuwa limezibwa zamani kwa dawa ya fedha, ile ya kijivu. Hiyo dawa ilikuwa imechomoza juu ya jino kama kisiwa. Haikukua. Jino lililoizunguka ndilo lililoshuka.

Nikamuuliza siku yake inakwendaje. Anafungua biashara saa moja asubuhi. Chungwa lenye doa, lililobonyea, halinunuliwi, naye hataki kulitupa, analimenya na kulifyonza huku akingoja mteja. Moja saa mbili, jingine saa tatu, mpaka jioni. Hakuna siku aliyokula mengi kwa mkupuo. Kisha jioni, kwa sababu meno yamekuwa ya njano, anayasugua kwa ndimu na chumvi.

Nisimame hapo kidogo, maana ushauri huo wa ndimu na chumvi, au ndimu na mkaa uliosagwa, unatembea kutoka simu hadi simu, na wanaoutoa wanataka mema. Unachofanya ni hiki. Ndimu inalegeza uso wa enameli, chumvi au mkaa unaukwangua uso huo uliolegea, na madoa yanaondoka nao. Siku hiyo meno ni meupe kweli. Lakini umeyang'arisha kama seremala anavyong'arisha ubao kwa randa: umepunguza ubao. Na kwa kuwa chini ya enameli kuna dentini ya manjano, kadiri enameli inavyokuwa nyembamba ndivyo manjano inavyozidi kuonekana. Mama wa watu anaona njano, anaongeza ndimu. Nawaambieni kwa moyo wote, hakuna ushauri wa meno unaoniuma kuusikia kama huo, kwa sababu wanaoufuata ni wale wanaojali meno yao.

Milango mingine ya asidi tuipitie. Tuna ukwaju, ubuyu, mbilimbi, achari ya ndimu, embe la chumvi nje ya geti la shule, na karibuni vinywaji vya kuongeza nguvu katika makopo. Vidonge vya vitamini C vya kutafuna, ambavyo mtoto mwenye mafua huvigeuza pipi, ni asidi iliyokandamizwa ikabandikwa kwenye gego. Huko kwenye viwanda vya betri duniani, wafanyakazi waliovuta mvuke wa asidi walionekana meno yao ya mbele yamelika kwa kuwa ndiyo yanayokutana na hewa. Silitaji hilo kwa kuwatisha. Linatufundisha kwamba jino linalika pale lilipoguswa. Sisi madaktari tunaisoma ramani hiyo. Anayefyonza machungwa hulika uso wa mbele. Na mtu ambaye meno yake ya mbele ya juu yamelika upande wa ndani, upande unaoelekea ulimi, hapo simuulizi kwanza juu ya soda. Namuuliza juu ya tumbo.

Asidi ya tumbo ina pH ya 1 hadi 2, kali kuliko ndimu. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara, anayeamka na ladha chungu kooni, anayecheua uchachu akilala, meno yake yanaogeshwa asidi hiyo gizani. Wapo pia wanaojitapisha baada ya kula kwa kuogopa unene, na hao huwa hawajamwambia mtu yeyote, hata mama yao. Nikikutana na meno ya namna hiyo kwa binti, nafunga mlango, nauliza kwa upole, na silazimishi jibu siku ile ile. Wazazi, mkiona mwanenu anakimbilia chooni kila baada ya kula, msianze na ukali. Huo ni ugonjwa na una matibabu, na daktari wa meno anaweza kuwa wa kwanza kuugundua, hata kabla ya daktari mwingine yeyote.

Na wajawazito. Mama mwenye mimba changa anatapika asubuhi, anatamani ndimu na embe changa mchana, na jioni anatafuna udongo ule wa kununua sokoni. Asidi, asidi, kisha msasa. Simlaumu, matamanio ya mimba si mchezo. Namwomba jambo moja: ukimaliza kutapika, sukutua kwa maji ya kawaida, meza funda la maji, na mswaki uuache kwanza. Najua kinywa kinataka mswaki wakati ule kuliko wakati wowote. Lakini ndio wakati enameli imelegea, na mswaki unaondoa kile ambacho mate yangekikaza.

Mate hatuyaheshimu. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na hayo ndiyo matibabu ya kwanza ya mmomonyoko, nayo hayauzwi. Mate huikosha asidi, huizimua, halafu, na hapa ndipo penye utukufu wake, huwa yamebeba kalisi na fosfeti zilizoyeyuka, tayari kurudisha kwenye uso wa jino kile kilicholegea. Uchachu wenyewe yanaweza kuuzima ndani ya dakika chache. Kuukaza uso huchukua muda mrefu zaidi, masaa. Chungwa moja baada ya chakula, mate yanalimudu. Machungwa kumi na mawili kutwa, moja kila saa, mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi hata mara moja. Yule mama hakuwa anakula machungwa mengi mno. Alikuwa hayapi mate zamu yao.

Usingizini mate hupungua mpaka yanakaribia kukauka. Kwa hiyo bilauri ya juisi kitandani ina madhara kuliko bilauri tatu mezani. Saumu nayo hukausha kinywa, na mwezi wa Ramadhani watu wa pwani tunafuturu kwa jagi la ukwaju au la embe. Mila ya kuanza na tende na maji ni njema hapo pia: maji yafike kwanza, mate yaamke, juisi ifuate pamoja na chakula. Baadhi ya dawa za presha, za mzio na za msongo wa mawazo hukausha kinywa vilevile. Usiache dawa uliyoandikiwa, ila mwambie daktari wako wa meno kwamba unaitumia.

Nina jambo langu la kukiri. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimtibu kijana mmoja mlinzi wa usiku. Alikuja na meno yenye mifereji shingoni, karibu na ufizi, yanashtuka kwa baridi. Nikaziba. Baada ya miezi kadhaa akarudi, ukingo wa dawa umeachia. Nikaziba tena. Mara ya tatu nilimwambia kwa sauti ya juu kidogo kwamba hapigi mswaki sawasawa. Akaniangalia akasema, "Sawa, daktari." Alipokuwa akivaa koti ndipo nikaona kopo limechomoza mfukoni. Ili asisinzie alikuwa akinywa kopo moja la kinywaji cha nguvu kutoka saa nne usiku hadi alfajiri, funda moja moja, kila akimaliza mzunguko wa uzio. Kopo moja tu! Nilikuwa nimemkemea mtu kwa kosa ambalo si lake, na nimeziba mara tatu bila kuuliza swali hata moja. Nilimwomba radhi. Tangu siku hiyo sishiki chombo kabla sijaisikia siku nzima ya mgonjwa, kuanzia anapoamka.

Basi tufanye nini? Sisemi muache machungwa, mimi mwenyewe siachi. Yaleni pamoja na mlo, au mara tu baada yake, kisha funga mlango. Soda kama lazima, inyweni ikiwa baridi na imalizeni, msikae nayo mashindano mazima ya mpira. Usiisukutue kinywani kabla ya kumeza. Mrija husaidia kama unafika nyuma ya meno ya mbele. Ukimaliza, maji. Kipande cha muwa hapana, kina sukari. Bilauri ya maziwa ndiyo. Mswaki upigwe kabla ya chai ya asubuhi kuliko baada ya juisi, na usiku kabla ya kulala, na madaktari wengi tunashauri mtu aliyekula kitu kikali angoje nusu saa hadi saa moja. Chagua mswaki laini. Mti wa mswaki wa asili ni mzuri ukitumiwa kwa upole, ncha yake ikichambuliwa upya kila siku. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji. Dawa ya meno ibaki ikifanya kazi.

Dawa yenyewe iwe na floridi. Hapa kuna hofu, nami naielewa, kwa kuwa kila mtu hapa amemwona ndugu wa Arusha au Meru mwenye meno ya kahawia. Maji ya kule hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi, sehemu nyingine kupita mno kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Madoa yale hutokea jino linapojengwa ndani ya taya, mtoto akimeza floridi nyingi miaka ya mwanzo. Mtu mzima akipiga mswaki na kutema, meno yake hayageuki kahawia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 tia dawa ukubwa wa punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kama njegere, na msimamie ateme. Kazi ya floridi ni kujiunga na fuwele zinazokazwa upya ili zihimili uchachu mpaka karibu 4.5. Dhidi ya ndimu ya 2 na kitu haitoshi peke yake, lazima niwe mkweli, na dawa zenye floridi ya bati hustahimili asidi vizuri zaidi. Tazama nyuma ya tyubu: kwa mtu mzima utafute namba ya floridi kati ya 1,000 na 1,500.

Kwangu je, nafanya nini? Kidogo kuliko mnavyotarajia. Napaka vanishi ya floridi pale panaposhtuka. Maumivu yale, kama alivyoeleza Martin Brännström wa Sweden katika miaka ya 1960, hutokana na majimaji yaliyomo ndani ya vijimirija vya dentini: enameli ikiondoka midomo ya vijimirija inabaki wazi, baridi inayasogeza majimaji, na neva inashtuka. Tukiiziba midomo hiyo, maumivu hupungua. Pakiwa pameliwa zaidi tunarudisha umbo kwa dawa nyeupe inayogandishwa kwa mwanga wa buluu. Na hapa kuna jambo ambalo bado hunishangaza. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa Rochester, New York, aliona kwamba viwandani watu hupaka chuma asidi ya fosfori ili rangi ishike. Akaipaka kwenye enameli kwa nusu dakika, akaisuuza. Asidi ilikuwa imechimba vishimo vidogo sana kati ya vile vijiti, na dawa ikang'ang'ania humo kama mizizi. Mpaka leo tunafanya hivyo, na asidi ya fosfori ndiyo hiyo iliyomo kwenye kola. Mkononi mwangu inakaa sekunde kwa hesabu, kisha inasuuzwa na kufunikwa. Tofauti yote imo katika muda.

Jino lililoliwa sana huvikwa kofia, ila kofia nayo hudai kuchonga jino kwanza, kwa hiyo siharakii. Na kuziba au kuvika kabla asidi haijazuiwa ni kama kupaka rangi ukuta unaovuja, mlinzi wangu ni shahidi.

Yule mama wa machungwa sikumziba hata jino moja siku ile. Nilimchukulia chapa ya meno kwa plasta, nikaandika tarehe nyuma yake, nikaiweka kabatini. Tukakubaliana: machungwa mawili baada ya chakula cha mchana, chupa ya maji chini ya meza ya biashara, ndimu ibaki jikoni. Yale yenye madoa akaanza kuyakamua jioni kwa ajili ya familia, yanywewe na wali. Alirudi baada ya mwaka na nusu. Maji baridi yalikuwa hayampigi tena. Nikachukua chapa ya pili, nikaziweka mbili pamoja juu ya meza, nikampa kioo cha kukuzia. Akavihesabu vidimbwi kwenye magego, akavilinganisha kimoja kimoja, akaipima ile dawa ya fedha iliyokuwa kama kisiwa kwa ukucha wa kidole gumba, upande huu na upande huu. Kisha akaniangalia kwa unyonge.

"Dokta, mbona ni vilevile? Mwaka na nusu wote huu, hakuna kilichobadilika."

Nikamwambia, "Hakuna, mama. Hata nywele moja."

Akanyamaza, akatazama tena. Akaniomba ile chapa ya zamani, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka nayo kwenda kuwaonyesha wenzake wa barabarani. Hii ya pili ninayo hapa mfukoni, itapita kwenu sasa pamoja na yai, shikeni taratibu. Nani ana swali la kwanza?